Uzima si Kinga: Kijana na Chanjo ya Mafua ya Nguruwe

Nianze na jina, kwa sababu jina la ugonjwa huu limetupotosha tangu siku ya kwanza. Wafugaji wetu wanaijua homa ya nguruwe, ile inayomaliza banda zima kwa siku chache na kumwachia mwenye mifugo hasara tupu. Huo ni ugonjwa wa nguruwe peke yao, mtu haumpati. Mafua ya nguruwe ninayoyazungumzia leo ni kitu kingine kabisa. Ni mafua ya binadamu, yanayoletwa na kirusi cha aina ya H1N1 kilichojiunda ndani ya nguruwe kwa kuchanganya vipande vya virusi vya mafua vya nguruwe, vya ndege na vya watu, kisha kikavuka kuja kwetu na kuanza kupita kutoka mtu hadi mtu kwa kikohozi, chafya na mikono. Hayapatikani kwa kula nyama. Mwaka 2009 serikali ya Misri iliamuru nguruwe wa nchi nzima wachinjwe, wapatao laki tatu. Ugonjwa ukaingia Misri vilevile, ukiletwa na abiria wa ndege, na waliobaki na kilio ni wakusanya taka wa Cairo waliokuwa wakiwafuga nguruwe hao kwa mabaki ya vyakula. Walioshambulia banda la nguruwe walikuwa wanamtafuta adui mahali asipokuwepo. Alikuwa tayari kwenye madarasa, mabasi na mabweni.

Swali lililo mbele yetu ni hili: kijana mzima, mwenye miaka kati ya 18 na 40 hivi, asiye na pumu wala kisukari, anayecheza mpira jioni na kulala usingizi mzito usiku, ana sababu gani ya kwenda kuchomwa sindano ya mafua haya? Wengi huona swali lenyewe halina uzito. Mafua, wanasema, ni ya tangawizi na ndimu. Chanjo ni ya watoto na wazee. Mwenye damu ya moto hupigana mwenyewe. Hoja hiyo inavutia, na wanaoitoa si wajinga. Lakini inachanganya vitu viwili ambavyo mwili hauvichanganyi, yaani uzima na kinga, na mwaka 2009 tofauti kati ya vitu hivyo viwili iliwaua watu. Mimi nashikilia kwamba kijana mzima anapaswa kuchanjwa, na kwamba sababu ya kwanza ni yeye mwenyewe, kabla hatujafika kwa bibi yake au kwa mtoto mchanga wa jirani.

Tuangalie nani alilazwa na nani alizikwa. Mafua ya kila mwaka huua zaidi wazee. Katika nchi zinazohesabu vifo vyake kwa makini, sehemu kubwa ya wanaokufa huwa wametimiza miaka 65 au wameipita. Mwaka 2009 mizani ilipinduka. Nchini Mexico, ambako ugonjwa ulianza kuonekana kwa wingi mwezi Machi na Aprili, watafiti waliwalinganisha wagonjwa wa nimonia kali wa majuma yale na wale wa misimu ya mafua iliyotangulia. Watu wa miaka 5 hadi 59 walikuwa asilimia 87 ya waliokufa, wakati katika misimu ya nyuma kundi hilohilo lilikuwa asilimia 17. Katika jimbo la California, kati ya wagonjwa zaidi ya elfu moja wa mwanzo waliolazwa au kufa, nusu walikuwa na miaka 27 au chini ya hapo. Australia na New Zealand, katika miezi mitatu ya baridi ya mwaka huo, watu 722 waliingizwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi kwa sababu ya kirusi hiki. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa chini ya miaka 65, na karibu theluthi moja hawakuwa na ugonjwa wala hali yoyote inayojulikana kuongeza hatari. Watu wa theluthi hiyo ndio hasa tunaowaulizia leo.

Kuna wachache kati ya wagonjwa wa nchi hizo mbili ambao nataka tuwatazame kwa karibu, kwa sababu takwimu ikisomwa haraka hupita kama upepo. Wapo 68 ambao mapafu yao yalishindwa kabisa, hata mashine ya kupumulia ikawa haitoshi. Hao waliunganishwa na mtambo unaofanya kazi ya mapafu nje ya mwili: mrija mnene huingizwa kwenye mshipa mkubwa, damu ikatoka ikiwa imekolea weusi, ikapitishwa kwenye chombo kinachoitia oksijeni, kisha ikarudishwa mwilini ikiwa nyekundu, saa baada ya saa, siku baada ya siku, huku mgonjwa amelazwa usingizi wa dawa. Umri wa katikati wa watu hao 68 ulikuwa miaka 34. Wengi wao walipona, na walipona kwa sababu mtambo ulikuwepo. Kila mmoja wetu anaweza kuhesabu hospitali anazozijua katika eneo letu zenye mtambo wa namna hiyo, na hesabu haitachukua muda.

Kwa nini vijana? Jibu liko kwenye kumbukumbu ya damu. Kinga haitokani na misuli. Askari zamu awe na nguvu kiasi gani, kama hajawahi kuiona sura ya mwizi atampisha getini kwa salamu. Kirusi cha 2009 kilikuwa na sura ya zamani: protini iliyo juu ya ganda lake ilifanana na ile ya virusi vilivyotokana na mafua makuu ya 1918, ambavyo viliendelea kuzunguka duniani hadi 1957, vikibadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Vile vya miaka ya mwanzo ndivyo vilivyofanana zaidi na hiki kipya. Wazee walioambukizwa utotoni walikuwa wanakikumbuka. Watafiti wa Marekani walipopima damu iliyohifadhiwa tangu kabla ya mlipuko, walikuta kingamwili za kutosha dhidi ya kirusi kipya kwa asilimia 34 ya watu waliozaliwa kabla ya 1950, na kwa asilimia 4 tu ya waliozaliwa baada ya 1980. Mzee mwenye goti bovu na shinikizo la damu alikuwa na kitu ambacho mjukuu wake mkimbiaji hakuwa nacho. Ndiyo maana nasema uzima na kinga ni vitu viwili. Chakula bora, mazoezi na usingizi humsaidia mgonjwa kuvumilia, lakini haviufundishi mwili sura ya kirusi ambacho haujawahi kukutana nacho. Kuna njia mbili tu za kuufundisha, nazo ni ugonjwa wenyewe au chanjo.

Haikuwa mara ya kwanza vijana kuwa mstari wa mbele. Mafua ya 1918, yaliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50, yalijulikana kwa jambo hilohilo: watu wa miaka 20 hadi 40 walikufa kwa wingi usioelezeka kwa mazoea ya mafua. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu zote, nami sitaingia humo. Itoshe kusema kwamba historia ya mafua haina ahadi yoyote kwa kijana.

Hapa mpinzani wangu wa kwanza anasimama. Anasema: hata kama umri wao ulikuwa mdogo, waliokufa wengi walikuwa na maradhi mengine, au walikuwa wajawazito, au walikuwa na uzito mkubwa, kijana mzima hasa hakuwa hatarini. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mimba ilikuwa hatari kubwa, na uzito wa kupindukia ulijitokeza kwa namna ambayo madaktari hawakuitarajia. Lakini ile theluthi isiyokuwa na lolote haifutiki. Tena neno "mzima" ni neno ambalo mtu hujipa mwenyewe. Vijana wangapi wanajua kiwango chao cha sukari? Wangapi wana pumu nyepesi wanayoiita kifua cha baridi? Mwanamke wa miaka 24 anaweza kuwa mjamzito wiki tano kabla hajajua, na wiki hizo tano anajihesabu katika kundi la wazima wasiohitaji chanjo. Kanuni ya kuchanja wenye hatari peke yao hufaa pale hatari inapojulikana mapema. Katika nchi ambazo watu wengi hawapimwi mpaka waanguke, kanuni hiyo inawaacha nje watu walewale iliyokusudia kuwalinda.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi, na yeye anastahili muda wetu mwingi. Anasema: chanjo ile ilitengenezwa haraka, na chanjo za mafua ya nguruwe zina historia mbaya. Kuhusu haraka, jibu ni fupi. Chanjo ya mafua hutengenezwa upya karibu kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Kirusi hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, huuawa, husafishwa, na vipande vyake hutiwa kwenye chupa. Chanjo iliyotolewa Marekani kuanzia Oktoba 2009 ilifuata njia hiyohiyo iliyotumika kwa miongo, kilichobadilishwa ni mbegu ya kirusi. Majaribio ya kwanza kwa watu wazima nchini Australia yalionyesha kwamba dozi moja ya kawaida ilitosha kuinua kingamwili kwa zaidi ya watu tisa kati ya kumi. Kirusi kilitambuliwa Aprili na dozi ikamfikia mtu Oktoba. Kwa kweli lawama inayostahili ni kwamba ilichelewa, maana wimbi kubwa la ugonjwa huko Marekani lilifika kileleni mwezi huohuo, chupa nyingi zikiwa bado kiwandani.

Historia ndiyo yenye uzito. Mwanzoni mwa 1976, katika kambi ya jeshi ya Fort Dix, New Jersey, kirusi cha mafua ya nguruwe kiliwaambukiza askari chipukizi na mmoja wao akafa. Wakubwa wa afya wakaikumbuka 1918. Rais Gerald Ford akatangaza mpango wa kuchanja taifa zima, na kuanzia Oktoba watu zaidi ya milioni 40 wakachanjwa. Kirusi hakikutoka nje ya kambi. Janga halikuja. Badala yake wakaanza kuonekana watu wenye ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi, udhaifu ukapanda hadi mikono na wakati mwingine hadi kifua. Ongezeko lilikadiriwa kuwa mtu mmoja kwa kila laki moja ya waliochanjwa, na mpango ukasimamishwa Desemba. Wanaoikumbuka 1976 kama sababu ya kuogopa chanjo hawabuni kitu. Madhara yalitokea, na waliopata madhara hayo walikuwa watu waliotii. Lakini tuone kosa lilikuwa wapi. Mtu mmoja kwa laki moja ni hatari ndogo, ila upande wa pili wa mizani haukuwa na kitu chochote, kwa sababu ugonjwa haukuwepo. Chanjo ilipaswa kukaa ghalani mpaka kirusi kionekane kinatembea. Mwaka 2009 kirusi kilikuwa kimeshazunguka dunia kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.

Basi tupime pande zote mbili kwa kipimo kimoja, kwa watu milioni moja. Kwa makadirio ya mamlaka za afya za Marekani, kati ya Aprili 2009 na Aprili 2010 watu wa miaka 18 hadi 64 wapatao 160,000 walilazwa hospitalini kwa mafua haya, na zaidi ya 9,500 walikufa. Nchi hiyo ilikuwa na watu karibu milioni 190 wa umri huo. Kwa kila milioni moja, basi, takribani 840 walilazwa na 50 walikufa. Hao ni pamoja na wenye maradhi. Ili nisijipendelee, nitachukulia kwamba hatari ya aliye mzima kabisa ilikuwa sehemu moja tu ya kumi ya hiyo, ingawa takwimu za wagonjwa mahututi zinaonyesha ilikuwa zaidi. Tunabaki na 84 wa kulazwa na watano wa kufa. Chanjo haikuwa ngao kamili. Tafiti nyingi ziliweka uwezo wake wa kuzuia ugonjwa kati ya asilimia 50 na 70. Tukitumia 60, chanjo iliyofika mapema ingewaepusha watu 50 na kitanda cha hospitali na watatu na kaburi, katika kila vijana wazima milioni moja. Upande wa pili, uchunguzi wa kina uliofanywa Marekani baada ya chanjo ya 2009 ulikuta ongezeko la Guillain-Barré la mtu mmoja au wawili kwa milioni. Wengi wa wagonjwa hao hupona, ingawa kwa taratibu na kwa mateso. Mkono kuuma, homa ya siku moja, mwili kuchoka: hayo wameyapata wengi, na yamepita.

Ningeweza kuishia hapo na kudai ushindi, lakini kuna jambo la Ulaya ambalo ni lazima lisemwe. Katika nchi kadhaa za Ulaya ilitumika chanjo iitwayo Pandemrix, iliyowekewa kichocheo cha kuongeza nguvu ya mwitikio wa kinga ili dozi chache ziwatoshe watu wengi. Mwezi Agosti 2010 madaktari wa Sweden na Finland walianza kutoa taarifa za watoto na vijana waliopata nakolepsia baada ya kuchanjwa. Nakolepsia si uvivu wa kusinzia. Mgonjwa hupitiwa na usingizi darasani, mezani, akiwa katikati ya mazungumzo. Akicheka sana magoti humlegea akaanguka. Na ugonjwa huo hauna tiba ya kuumaliza. Finland ilikadiria mgonjwa mmoja kwa kila watu 16,000 waliochanjwa wenye miaka 4 hadi 19. Hiyo ni zaidi ya 60 kwa milioni. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba watu wazima vijana nao hawakusalimika kabisa, ingawa kwa kiwango kidogo. Ukiiweka 60 hiyo kwenye mizani niliyoijenga, mizani inayumba vibaya, na kwa kijana wa Kifini wa miaka 16 inaweza kuangukia upande wa kukataa. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko lolote ambalo wapinga chanjo wamewahi kulileta, na naona ni kosa kubwa linapofichwa kwa hofu ya kuwatisha watu. Likifichwa, litagunduliwa, na atakayeligundua hataamini tena hata lile lililo kweli.

Lakini tazama linathibitisha nini hasa. Chanjo iliyotumika Marekani bila kichocheo hicho haikuonyesha ongezeko la nakolepsia. Nchini China, wagonjwa wapya wa nakolepsia waliongezeka baada ya wimbi la 2009 ingawa wengi wao hawakuwa wamechanjwa, jambo linalofanya kirusi chenyewe kishukiwe. Karibu wagonjwa wote wa Ulaya walikuwa na alama moja ya urithi katika mfumo wao wa kinga. Kwa hiyo hoja ya nakolepsia ni hoja dhidi ya chanjo moja, kwa kundi moja la umri, na iliisha kwa chanjo hiyo kuzuiwa kwa walio chini ya miaka 20 mwaka 2011 na kisha kuachwa. Kijana anayeuliza "nichanjwe?" ana haki ya kuuliza pia "kwa chanjo ipi?", na mhudumu anayemjibu kwa kukunja uso anaharibu kazi yake mwenyewe. Chanjo ya mafua inayotolewa leo na iliyobeba kinga dhidi ya kirusi hiki si Pandemrix.

Nimeanza na faida ya kijana mwenyewe kwa makusudi, kwa sababu hoja ya "fanya kwa ajili ya wengine" imetumika mno hadi imepoteza ladha. Hata hivyo haiwezi kuachwa. Mwishoni mwa Juni 2009 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Alikuwa mwanafunzi kijana kutoka Uingereza, aliyefika Kisumu na kundi la wenzake. Mzee wa miaka 80 hasafiri saa kumi kwa ndege akifuatwa na wenzake thelathini. Mwezi Agosti mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Pullman, jimbo la Washington, wanafunzi wa chuo kikuu walirudi masomoni, na ndani ya siku kumi hivi karibu elfu mbili walikuwa wameripoti dalili za mafua kwa kituo cha afya cha chuo. Vijana ndio wanaobanana: chumba cha watu wanne bwenini, daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa mpira, kwaya, baa, madrasa. Kila mgonjwa wa kirusi hiki alikadiriwa kuambukiza wastani wa mtu mmoja na nusu hivi, ambayo kwa magonjwa ya kuambukiza ni idadi ndogo. Udogo huo ni habari njema. Maana yake ni kwamba theluthi moja ya watu wakiwa na kinga thabiti, mnyororo unaanza kukatika. Kwa surua hesabu hiyo haifikiriki. Inataka zaidi ya tisa kati ya kumi. Kwa mafua haya kila kijana anayechanjwa anaonekana kwenye hesabu. Na yuko mtu ambaye hana njia nyingine ya kulindwa, naye ni mtoto aliye chini ya miezi sita, kwa sababu chanjo ya mafua haitolewi kwa umri huo. Kinga yake ni ile ya mama yake, na ya shangazi na kaka wanaompakata.

Yupo anayeuliza kwa haki kabisa: dozi zikiwa chache, kijana mzima hachukui ya mwenye shida zaidi? Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, na jibu langu ni kwamba foleni ina mpangilio. Mwaka 2009 kamati ya chanjo ya Marekani iliwatanguliza wajawazito, wahudumu wa afya, wanaolea watoto wachanga, wenye maradhi ya kudumu, na watu wote wa miezi 6 hadi miaka 24. Mtu mzima asiye na maradhi mwenye miaka 25 na kuendelea aliambiwa asubiri. Mpangilio huo ulikuwa sahihi. Ambacho hakikuwa sahihi ni foleni ya dunia. Shirika la Afya Duniani lilifanikiwa kufikisha dozi milioni 78 kwa nchi 77 zenye uwezo mdogo, na kwa sehemu kubwa ziliwasili wimbi likiwa limekwisha kupita, wakati nchi tajiri zilikuwa zimejiwekea oda mapema na baadaye zikabaki na akiba isiyotakiwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliweka vifo vya mwaka wa kwanza kati ya 151,700 na 575,400 duniani, asilimia 80 wakiwa chini ya miaka 65, na yakaonyesha kwamba nusu ya vifo vyote huenda vilitokea Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Muuguzi kijana wa Kisumu au Kigoma alistahili kupata dozi kabla ya kijana mwenzake wa Stockholm asiyefanya kazi hospitalini. Lakini hoja ya haki inamwambia kijana asimame nyuma ya wanaostahili zaidi. Haimwambii arudi nyumbani. Dozi inayoachwa kwenye jokofu mpaka muda wake uishe haimfikii mjamzito yeyote.

Wapo pia wanaosema kwamba janga lenyewe lilikuzwa. Vifo vilivyothibitishwa maabara vilikuwa kama 18,500 tu, na mwaka 2010 Bunge la Baraza la Ulaya lilitoa lawama kali juu ya usiri na uhusiano wa washauri na makampuni ya dawa. Lawama ya usiri ilikuwa na msingi. Lakini 18,500 ni idadi ya waliopimwa wakakutwa na kirusi, na anayefariki kwa nimonia kijijini bila kupimwa hahesabiwi humo. Ni kweli pia kwamba janga lilikuwa jepesi kuliko ilivyohofiwa, kwa sehemu kwa sababu wazee walilindwa na kumbukumbu ya damu zao. Wepesi huo haukuwa wa vijana. Wastani wa umri wa waliokufa Marekani katika miezi ya mwanzo ulikadiriwa kuwa miaka 37, na anayekufa na miaka 37 anapoteza miaka mingi kuliko anayekufa na 82, tena anaacha watoto wa kusomeshwa.

Haya yote yangekuwa historia kama kirusi kingeondoka. Hakikuondoka. Janga lilitangazwa kumalizika tarehe 10 Agosti 2010, lakini kirusi kikabaki kuwa mmoja wa wakazi wa kudumu wa mafua ya kila mwaka, na tangu wakati huo kimo ndani ya chanjo ya kawaida ya mafua. Hatari yake kwa kijana imepungua, kwa kuwa wengi wetu sasa tumekutana nacho, lakini kinabadilika, na kumbukumbu ya miaka mitano iliyopita hukitambua kwa shida. Katika nchi zetu mafua hayangoji theluji. Huzunguka karibu mwaka mzima, yakipanda na kushuka, na chanjo yake mara nyingi hupatikana kwa kulipia. Kwa hali hiyo singemshauri kijana mwenye kipato kidogo auze simu ili achanjwe, na kama nyumbani kuna fedha ya dozi moja na dada yake ni mjamzito, dozi ni ya dada. Lakini anayesomea uuguzi, anayefundisha chekechea, anayelala bwenini, anayejiandaa kwa Hija ambako mamilioni hukutana bega kwa bega, na yeyote ambaye gharama haimzuii, kwao sioni hoja iliyobaki ya kukataa. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka, na mwili huchukua kama wiki mbili kujenga kingamwili. Anayesubiri mpaka mwenzake wa chumbani aanze kukohoa atakuwa amechelewa kwa wiki hizo mbili.